Miaka 35 ya Mswada wa Kitereza: Tuache Kumsingizia Msomaji

Kuna sentensi moja ambayo haikosi kutamkwa katika mikutano ya wadau wa vitabu hapa nchini: "Watanzania hawasomi." Huitamka mgeni rasmi anapofungua mkutano. Huirudia mchapishaji anapoeleza kwa nini hapokei miswada ya riwaya. Nasi wahadhiri, ambao tungepaswa kuipinga, huiitikia kwa kutikisa vichwa kana kwamba tumesomewa sheria ya maumbile. Nimeisikia mara nyingi mno, na sasa nimeamua kuishitaki hadharani.

Shitaka langu ni hili. Sentensi hiyo ni ya uongo, na ubaya wake unazidi ule wa uongo wa kawaida kwa sababu inambadilisha mtuhumiwa. Inamtwika mzigo msomaji, mtu ambaye hakuulizwa wala hakuletewa kitabu, na inawaachia huru wale wanaolipwa mshahara ili kitabu kimfikie: wachapishaji wa umma, watunga mitaala, wasimamizi wa maktaba, na sisi tunaofundisha fasihi vyuoni. Sitakwenda mbali kutafuta shahidi. Nitavuka maji kutoka Mwanza hadi Nansio, na kutoka hapo hadi Kagunguli, kwa mtu aliyeandika mojawapo ya riwaya kubwa kabisa za Afrika Mashariki, akasubiri miaka 35 ichapishwe, akafa kabla hajaishika mkononi. Jina lake ni Aniceti Kitereza.

Mtu na kitabu chake

Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho, wakati wamisionari na Wajerumani walipokuwa wakianza kuota mizizi pwani ya ziwa. Alisoma katika shule ya misheni ya Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, ng'ambo ya ziwa upande wa Bukoba, alikokaa takriban miaka kumi. Huko alijifunza Kilatini, Kijerumani na Kiswahili, pamoja na falsafa na teolojia. Hakuwa padre. Mwaka 1919 alimwoa Anna Katura. Watoto waliojaliwa hawakuishi. Katika jamii iliyompima mwanamume kwa uzao wake, na ambayo isingemlaumu hata kidogo kwa kutafuta mke wa pili, Kitereza alibaki na Anna.

Sitaji jambo hilo ili kumwonea huruma mwandishi. Nalitaja kwa sababu ndilo lililozaa riwaya. Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inapiganwa, huku akitiwa moyo na Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, Kitereza aliandika kwa Kikerewe kisa cha mume na mke wasio na mtoto. Aliumaliza mswada huo mwaka 1945.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, na masimango hayo yanawafikia wazazi wake. Wazazi wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere anakataa ushauri wa kutafuta mwanamke mwingine, anamfuata mkewe ukweni, anajishusha, na anatakiwa kupeleka mitungi ya pombe ya ndizi kama malipo ya heshima iliyovunjwa. Pombe inapikwa, mke anarudi, mganga Kibuguma anawatibu, na hatimaye wanazaliwa watoto wawili: Ntulanalwo na Bulihwali. Kutokana na majina hayo manne ndipo kitabu kikapata jina lake refu, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali.

Wapo wasomi waliokiita kitabu hiki ghala la mila. Wanasema kina maelezo mengi kupita kiasi: namna ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa na kuchachushwa, namna mkwe anavyomsalimu mkwe, namna mtumbwi unavyotunzwa na shamba linavyolimwa. Wanakisoma kama ripoti ya mtafiti wa makabila ambayo kwa bahati ina majina ya wahusika. Mimi napinga. Msomaji anayefuatana na Myombekere hatua kwa hatua, tangu kutafuta ndizi hadi kubebesha mitungi, anaelewa kwa mwili wake kwamba mapenzi ya mtu huyu ni kazi ya mikono. Kila siku ya kungoja pombe ichachuke ni siku ya kuishi bila Bugonoka. Kasi ya kitabu ndiyo hoja ya kitabu. Mwandishi aliyejua uchungu wa nyumba isiyo na mtoto asingeweza kuupeleka mbio, kwa kuwa uchungu huo hauendi mbio.

Kumbuka pia wakati uliochaguliwa. Kitereza aliandika chini ya utawala wa Mwingereza, ilhali kisa chake kinatokea kabla Mzungu hajafika kisiwani. Hakuna gavana katika riwaya hii, hakuna padre wala mtoza kodi. Mwafrika ndani yake hamjibu mtu yeyote; anaishi, anakosea, anaomba msamaha, anatibiwa, anazeeka. Katika mwaka 1945, kuandika hivyo lilikuwa tendo la kisiasa lisilohitaji bango.

Kungoja

Sasa tufike kwenye kosa. Mswada ulikuwapo, umekamilika, umeandikwa na mtu aliyesoma, mwenye rafiki padre aliyejaribu kuutafutia njia. Haukupata mchapishaji. Miaka ya 1940 ikapita, ikapita ya 1950. Uhuru ukaja mwaka 1961, zikapigwa ngoma, zikatungwa hotuba kuhusu kufufua utamaduni wa Mwafrika uliokandamizwa, na kule Kagunguli mzee mmoja alikuwa na utamaduni huo umeandikwa kurasa kwa mamia. Hakuna ofisi iliyobisha hodi.

Waliobisha hodi, mwishoni mwa miaka ya 1960, ni Wamarekani wawili: Gerald Hartwig, mwanahistoria aliyekuja kutafiti biashara ya masafa marefu ya Wakerewe, na mkewe Charlotte. Hao ndio waliotambua kwamba mzee waliyemwendea kama mtoa habari alikuwa mwandishi. Charlotte Hartwig alichapisha makala kumhusu katika jarida la kitaaluma mwaka 1972, na ulimwengu wa wasomi ukasikia kuwa Ukerewe kuna riwaya. Kwa kuwa Kikerewe kilionekana hakina soko, Kitereza, mzee wa zaidi ya miaka 70, alikaa chini akaitafsiri kazi yake mwenyewe kwa Kiswahili, toka mwanzo hadi mwisho.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Mtu aliyekwisha kuandika riwaya kubwa analazimika kuiandika mara ya pili, kwa lugha nyingine, uzeeni, ili nchi yake ipate kuisoma. Anaifanya kazi hiyo bila kinyongo. Kisha anaingoja tena. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu mwaka 1980, kwa juzuu mbili. Mwaka 1981 Kitereza alifariki dunia, na nakala zilizochapwa hazikuwahi kumfikia.

Katika miaka yote 35 hiyo, nani alikataa kusoma? Si Mkerewe, kwa kuwa hakuna aliyemuuzia kitabu akakataa kukinunua. Si Mtanzania wa Iringa wala wa Tanga. Msomaji hakuwamo katika mlolongo huo hata mara moja. Kilichokosekana ni mtu wa katikati: mhariri wa kusoma mswada na kusema, "Hiki ni kitabu, nitakipigania."

Hoja ya uchache

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu nimepewa mara nyingi. Nitaambiwa kuwa Wakerewe ni wachache, na kwamba hakuna mchapishaji anayeweza kuwekeza katika lugha ya kisiwa kimoja.

Tuipime hoja hiyo kwa namba. Iceland, kisiwa cha kaskazini mwa Ulaya, mwaka 1955 ilikuwa na watu wapatao 160,000. Mwaka huohuo mwandishi wake, Halldór Laxness, alipata Tuzo ya Nobel ya fasihi kwa riwaya alizoandika kwa lugha ya kisiwa hicho. Sensa yetu ya mwaka 2012 ilihesabu katika Wilaya ya Ukerewe watu zaidi ya 340,000. Nakiri kwamba si wote wanaozungumza Kikerewe. Wapo Wakara, wapo Wajita, na wapo waliohamia kutoka kwingine. Hata hivyo hoja inasimama. Uchache wa watu haukuizuia Iceland kuwa na wahariri, matbaa, maktaba na shule zinazosoma vitabu vyake. Soko la kitabu halioti lenyewe kama magugu-maji ziwani. Linapandwa, linapaliliwa, na anayelipanda kwanza ni shule na maktaba ya umma.

Jibu la pili ni zito zaidi, nami nalichukulia kwa heshima. Nitaambiwa kuwa taifa letu lilichagua Kiswahili, na kuchapisha kwa lugha za makabila kungelirudisha nyuma. Mimi ni mwana wa Kiswahili. Naandika kwa Kiswahili na nafundisha fasihi yake. Lakini ni Kitereza mwenyewe anayeipinga hofu hiyo. Alifikiri kwa Kikerewe akakitajirisha Kiswahili kwa mawazo, methali na mapigo ya sentensi ambayo mwandishi wa pwani asingeweza kuyaleta. Lugha ya taifa hukua kwa kunyweshwa na mito inayoingia ndani yake, kama ziwa letu linavyonyweshwa na Kagera, Mara na Simiyu. Ukiiziba mito kwa hofu kwamba italigawa ziwa, utabaki na tope.

Wala sisemi jambo geni kwa serikali. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inatambua lugha za jamii zetu kuwa hazina, na inahimiza taasisi za umma na za watu binafsi kuchapisha kwa lugha hizo. Watumishi wa umma mnaosoma makala hii mnaijua sera hiyo, maana ipo kwenye makabati yenu. Tangu mwaka huo, hebu niulize kwa adabu: ni bajeti ya halmashauri gani, ya mkoa upi wa kanda hii, iliyotenga fungu la kuchapisha hata kijitabu kimoja cha ngano za watoto? Sera isiyo na fungu ni salamu tu.

Kisiwa kimoja, waandishi watatu

Mtu anaweza kudhani Kitereza alikuwa ajali, tone moja la mvua jangwani. Hapana. Kisiwa hichohicho kilimtoa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi hapa Mwanza, akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Mwaka uliofuata, akiwa kijana wa miaka 27, alitoa Rosa Mistika kupitia Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki. Riwaya hiyo inamfuata msichana wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali hadi akakosa pumzi, kisha akatupwa duniani bila kufundishwa chochote kuhusu mwili wake mwenyewe. Ilisema waziwazi yale ambayo walimu na wazazi walikuwa wakiyajua na kuyanyamazia. Jibu la mamlaka lilikuwa kuipiga marufuku mashuleni. Baadaye ikaruhusiwa, ikasomwa na vizazi vya wanafunzi, na leo hakuna kozi ya riwaya ya Kiswahili inayoweza kuikwepa.

Hapo pana funzo. Wasichana na wavulana waliisoma hata ilipokuwa imezuiwa. Watu wa rika langu tunakumbuka vitabu vilivyozungushwa mabwenini hadi vikapoteza majalada. Taifa linalolazimika kupiga marufuku kitabu haliwezi wakati huohuo kudai kwamba watu wake hawasomi.

Kezilahabi aliendelea: Kichwamaji na diwani ya Kichomi mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, Gamba la Nyoka mwaka 1979, kisha Nagona na Mzingile zilizoivunja kabisa nyumba ya riwaya tuliyoizoea na kuijenga upya. Alipata udaktari wake Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1985. Kuanzia miaka ya 1990 alifundisha Botswana, na huko alimalizia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Alifariki Dar es Salaam Januari 2020.

Wa tatu ni Gabriel Ruhumbika, naye wa Ukerewe, mwandishi wa Miradi Bubu ya Wazalendo na Janga Sugu la Wazawa, aliyefundisha fasihi kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani. Ni yeye aliyeurudia mswada wa Kikerewe wa Kitereza na kuutafsiri kwa Kiingereza moja kwa moja, tafsiri iliyotolewa mwaka 2002 na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam.

Kisiwa kimoja kimelipa taifa waandishi watatu wa daraja la kwanza. Taifa limekilipa nini? Mmoja alikufa akingoja kitabu, na wawili walimalizia miaka yao mikubwa ya kazi katika vyuo vya nchi za watu. Ukerewe inapoingia katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku, mara nyingi ni kwa msiba, kama ule wa Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Tunakikumbuka kisiwa kinapolia. Kinapoandika hatukisikii.

Mtu wa katikati

Nimesema kilichokosekana ni mhariri, na nisipotoa mfano nitadaiwa kuwa naota. Mfano upo, na unatoka ukanda huuhuu wa ziwa. Walter Bgoya, mzaliwa wa Ngara, aliiongoza Tanzania Publishing House kuanzia mwaka 1972. Shirika hilo lilikuwa limeanzishwa mwaka 1966 kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Macmillan ya Uingereza. Chini yake likawa jukwaa la fikra. Ndilo lililoshiriki kutoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kitabu kilichosomwa dunia nzima. Na ndilo, mwaka 1980, lililokubali kuchapa juzuu mbili nene za mzee asiyejulikana wa Kagunguli, jambo ambalo mhasibu yeyote mwenye akili timamu angelikataa.

Mhariri ni mtu wa namna hiyo. Kusahihisha tahajia ni sehemu ndogo ya kazi yake. Husoma mswada ambao haujawa na jina, akauona ungali ndani ya yai, akamwambia mwandishi ukweli kuhusu sura ya tatu inayolegea, kisha akasimama mbele ya wenye fedha na kuutetea. Bgoya alipoanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991 aliibeba kazi hiyo katika sekta binafsi, na si ajabu kwamba nyumba hiyohiyo ndiyo iliyoitoa tafsiri ya Ruhumbika, na ndiyo iliyotoa Peponi mwaka 2022, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Kumbuka mwaka wa Gurnah: Oktoba 2021 alipata Nobel, nasi tukashangilia usiku kucha kwa mwandishi ambaye wengi wetu tulikuwa hatujamsoma ukurasa mmoja. Tuligundua mtoto wetu kwa kusoma gazeti la jirani.

Lakini taifa haliwezi kuegemeza fasihi yake yote kwenye mgongo wa mtu mmoja shupavu. Mtu huzeeka. Taasisi ndizo zinazopaswa kudumu, na taasisi zetu tumezifanyaje? Mashirika ya umma ya uchapishaji yalinyauka katika miaka ya marekebisho ya uchumi. Wachapishaji binafsi walijikongoja kwa kuuza vitabu vya kiada, na faida ya kiada ndiyo iliyowawezesha kuthubutu kutoa riwaya mbili tatu kwa mwaka. Katika muongo wa 2010 serikali iliirudisha kazi ya vitabu vya kiada kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Nia ilieleweka, kwani vitabu vyenye makosa ya aibu vilikuwa vimejaa madarasani. Ila hakuna aliyeuliza riwaya italipiwa na nani baada ya hapo. Ukimnyang'anya mvuvi nyavu kwa sababu alivua vibaya, mpe basi njia nyingine ya kulisha nyumba, au usishangae jikoni kukiwa baridi.

Minofu na mapanki

Sisi wa Mwanza tunaujua uchumi fulani kwa macho na kwa pua. Sangara huvuliwa hapa, huingizwa viwandani, minofu yake ikapakiwa kwenye barafu na kwenda Ulaya, na mifupa na vichwa, yaani mapanki, vikabaki kwa wenyeji. Kitabu cha Kitereza kimepita njia hiyohiyo. Wajerumani wanacho kwa juzuu mbili, zilizotafsiriwa na Profesa Wilhelm Möhlig na kutolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wafaransa wanacho. Anayesoma Kiingereza anacho. Mwanafunzi wa Nansio ana mapanki: jina la mwandishi katika orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani, kama hata hilo analo.

Miaka michache iliyopita niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, darasa lililojaa vijana wa kanda hii, nani amewahi kumsoma Kitereza. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kijana mmoja wa Ukerewe alisema alisikia jina hilo kwa babu yake. Nilitoa kopi za sura chache kutoka nakala yangu chakavu, zile za safari ya Myombekere kwenda ukweni, nikawaachia kwa wiki moja. Wiki ile kopi zilitoka darasani mwangu zikaingia mabwenini, na ziliporudi zilikuwa na alama za vidole vya watu nisiowafundisha. Binti mmoja aliniuliza, "Mwalimu, je, walimrudisha? Kopi imeishia njiani." Ndiyo hao wasiosoma.

Nakiri kosa langu pia. Nilikuwa nimefundisha miaka kadhaa katika mji unaotazamana na kisiwa cha Kitereza bila kukiweka kitabu chake kwenye muhtasari wa kozi, kwa kisingizio kwamba nakala hazipatikani. Nilikuwa natumia sentensi ileile ninayoishitaki leo, kwa maneno mengine.

Tunachopaswa kudai

Serikali imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Kwa sadfa njema ndiyo siku aliyozaliwa Kezilahabi. Naiunga mkono tuzo hiyo kwa moyo wote. Lakini tuzo humwinua mwandishi mmoja kwa usiku mmoja. Asubuhi yake anahitaji mhariri wa mswada wa pili, duka la kuuza wa kwanza, na maktaba yenye rafu ya kuuweka. Kwa hiyo nayataja madai manne, na sidhani hata moja ni anasa.

Kwanza, riwaya ya Kitereza kwa Kiswahili ichapishwe upya kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuimudu, na kila shule ya sekondari ya Mwanza, Mara, Kagera, Geita, Simiyu na Shinyanga ipate nakala. Pili, mswada wa Kikerewe ushughulikiwe kama mali ya taifa: uhaririwe na wataalamu wa lugha pamoja na wazee wa kisiwa, na mtoto wa Kagunguli aweze kuusoma kwa lugha alioandikiwa. Tatu, serikali iweke utaratibu wa kununua idadi fulani ya nakala za kila kazi bunifu inayopita mchujo wa ubora, kwa ajili ya maktaba za umma. Mchapishaji mwenye uhakika wa nakala mia kadhaa atathubutu. Asiye na uhakika atarudia wimbo wa kwamba hatusomi. Nne, vyuo vyetu vianze kufundisha uhariri wa fasihi kama taaluma. Tunahitimisha kila mwaka wahakiki wanaojua nadharia za Ulaya toka juu hadi chini, na hatutoi mtu mmoja anayeweza kukaa na mwandishi juu ya sura inayolegea.

Wanafunzi, msisubiri. Ukerewe, Ukara, Kome na Maisome kuna madaftari ya makatekista, walimu wastaafu na wazee wa mabaraza yanayoliwa na mchwa. Nendeni likizo na simu zenu, mpige picha kila ukurasa kwa idhini ya wenyewe, mwandike nani aliandika na lini. Wanaharakati, mnapodai maji na kivuko salama, dhamana ya uhai wa watu, ongezeni dai la maktaba katika waraka huohuo. Watumishi wa umma, mnajua mlango upi wa bajeti unafunguka mwezi gani. Ufungueni.

Kitereza aliwapa watoto wa riwaya yake majina mazito. Ntulanalwo ni jina la mtu anayekaa na kifo kila siku. Bulihwali ni swali, nalo lauliza: huzuni itakwisha lini? Wazazi waliozika watoto wengi ndio waliomwita binti yao hivyo, na mwandishi aliyezika wa kwake ndiye aliyeliandika. Jibu la mzazi lilikuwa nje ya uwezo wake. La kwetu limo ndani ya uwezo wetu. Kuna mswada mwingine leo mahali fulani kando ya ziwa hili, ndani ya sanduku la bati, na mwenye nao amekwisha kuvuka miaka 70. Tukimkuta hai, tumsomee kwanza kabla hatujasema kwamba watu wetu hawasomi.